Kidevu Cheupe cha Ezra Hilty

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha zizini, mkono mmoja nimeshika mkia wa ng'ombe na mwingine umeshikwa na Ezra Hilty, akiniuliza kama nitakubali kuwa mke wake. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Ng'ombe naye alijibu kwa namna yake, juu ya viatu vyangu, lakini mwenzenu sikujali.

Kwa mliochelewa: naitwa Savilla Petersheim, nina miaka thelathini na nne, na hapa kwetu Lancaster, kwenye kanisa letu lisiloruhusu magari ya injini wala umeme, mwanamke wa umri huo ambaye hajaolewa huitwa "Savilla maskini," hata kama jina lake ni lingine. Mchumba wangu wa kwanza, Reuben, alikuja kwetu kila Jumapili jioni kula pai yangu, mpaka siku alipomwoa mdogo wangu Arie. Wa pili alihamia Kentucky bila kuaga, na farasi aliyemwazima kwetu.

Mama hakukata tamaa. Kwetu harusi haiwi harusi bila seleri, ile mboga ya mabua marefu: ya kupika na malai, ya kuchanganya na kuku, na nyingine ya kusimamisha mezani ndani ya glasi badala ya maua. Mwenye binti wa kuozesha hupanda nyingi, na majirani wakipita hutazama matuta, wakaelewa. Mama alipanda kila mwaka. Kila mwaka tuliila wenyewe mpaka kuku wakaichoka.

Ndipo mwezi wa Mei akaja Ezra, kutoka Indiana, akitafuta kazi ya tumbaku. Mrefu, mpole, kidevu kimenyolewa safi.

Sisi hatumuulizi mwanaume kama ana mke. Tunamtazama kidevu. Asiyeoa hunyoa. Akioa anaacha ndevu ziote, na wembe haupiti hapo tena mpaka anazikwa. Mama alitazama kile kidevu, akatoka moja kwa moja kwenda kuongeza matuta mawili ya seleri.

Sasa tuendelee.

Jumapili ile majina yetu yalikuwa yasomwe kanisani. Na kwa desturi yetu, siku hiyo bibi harusi mtarajiwa haendi ibada. Anabaki nyumbani anampikia mchumba wake. Shemasi akishasoma majina, baba wa binti anasimama anataja tarehe na kuwakaribisha watu, na bwana harusi anachukua kofia yake, anatoka kabla ya wimbo wa mwisho, anapanda gari lake la farasi na kuja kula.

Kwa hiyo watu wote walikwenda ibada, ambayo zamu hiyo ilikuwa nyumbani kwa akina Esh, ng'ambo ya kilima. Mimi nikabaki na kuku kwenye oveni, sinia la seleri, na Babu.

Babu Yost alitakiwa kwenda. Ila juma lile mtamba alimpiga teke chini ya taya, na zahanati wakamnyoa ndevu zote ili wamshone. Babu akaapa hatoki nje ya geti mpaka ziote tena. Alijifunga skafu ya Mama usoni, hata wakati wa kula, akawa anapitishia supu kwa chini.

"Vua hiyo nikupake dawa," nikamwambia.

"Hapana."

"Babu, kidonda kitaoza."

"Kioze. Mimi na kidevu cha mtu asiyeoa? Bibi yako akifufuka leo ataniuliza naposa nani."

"Si unaniposa mimi? Kila siku unaniita mke wako."

"Wewe leo unasomwa na mwanaume mwingine," Babu akasema, akaanza kufungua skafu taratibu, amenuna. "Nami nimekungoja miaka yote hii. Haya, paka. Usicheke."

Nilicheka. Nilimgeuza uso kuelekea dirishani nione nyuzi vizuri, nikiwa bado nacheka, na ndipo kicheko kikaniishia mdomoni.

Uso wa Babu ulikuwa na rangi mbili. Paji, pua, mashavu, hata juu ya mdomo, kote kumeungua na jua la miaka themanini. Lakini kuanzia sikioni kushuka tayani, kuzunguka kidevu, ngozi ilikuwa nyeupe kama yai lililomenywa. Na mpaka kati ya rangi mbili ulikuwa mstari, umenyooka kabisa.

Mstari ule mimi niliujua. Niliwahi kuupaka mtindi.

"Babu," nikasema, "mbona juu ya mdomo peusi na chini peupe?"

"Kwa sababu juu ya mdomo nanyoa kila siku, jua linapapiga. Chini kulikuwa na ndevu tangu nimwoe bibi yako. Swali gani hilo? Unapaka au unachora ramani?"

"Mtu akifunga shali usoni majira yote ya baridi, hawezi kupata mstari kama huu?"

"Shali gani inaacha pua na mdomo wa juu nje? Shali inafunika vyote. Huu ni mstari wa ndevu."

Nikakaa chini. Nilikalia sinia la seleri, lakini nikakaa.

Mwezi wa Juni, tukipanda tumbaku, kidevu cha Ezra kiliungua jua hadi kikabambuka, wakati pua yake haikuwa na shida yoyote. Nilimuuliza. Akasema kule kwao Indiana baridi haina mchezo, wanaume wanafunga mashali hadi Aprili. Nikaamini. Mimi huamini, ndiyo kazi yangu. Nikachukua mtindi nikampaka kile kidevu kwa vidole vyangu, pole pole, nikimwonea huruma, nikifikiri hayo ndiyo mapenzi. Kumbe nilikuwa nalainisha ushahidi.

Babu alikuwa ananitazama.

"Nani?" akauliza.

"Hakuna."

"Savilla. Nani ana mstari?"

Hakuhitaji jibu, maana mwanaume mgeni aliyepita mikononi mwangu mwaka ule alikuwa mmoja tu. Babu akaziba mdomo kwa kiganja, kiganja kikagusa ngozi tupu, akashtuka kama kila mara.

"Kwa hiyo aliwahi kuwa na ndevu," akasema.

"Aliwahi."

"Na akazinyoa ili aje huku."

"Labda kuna maelezo, Babu."

"Yapo. Yana miguu miwili na yanavaa kofia ya kike."

Ngoja niwaambie kilichokuwa mezani, mbali na seleri niliyoikalia. Kwetu hakuna talaka. Nikiolewa na mwanaume mwenye mke hai, mimi ni mzinzi mbele ya kanisa, na natengwa. Nitakula meza ya peke yangu. Mama hataruhusiwa kupokea hata sahani kutoka mkononi mwangu. Itabidi niiweke chini, nirudi nyuma, ndipo aichukue. Nilishaona mama mmoja na binti yake wakiishi hivyo miaka, na sahani zao zikiongea kuliko wao.

Upande wa pili, nikimzushia mtu mwema mbele ya kanisa zima kwa sababu ya rangi ya taya, basi hakuna Ezra mwingine atakayekuja kutoka Indiana. Seleri inarudi kwa kuku, nami narudi kuwa Savilla maskini mpaka kaburini. Nilimpenda, jamani. Sitaficha. Alikuwa akinisikiliza nikiongea, na mimi naongea sana.

"Watakuwa wameshasoma?" nikauliza.

Babu akatazama jua. "Bado. Askofu wetu akianza na Nuhu, mpaka afike kwa Ibrahimu watu wameshalala mara mbili. Unaweza kuwahi."

"Niingie kanisani? Leo? Na aproni?"

"Usiingie. Mwite nje. Muulize uso kwa uso."

"Nimuulize nini?"

"Muulize mkewe yuko wapi. Halafu unyamaze. Sikia, mke wangu, nyamaza kabisa, umwache ajibu mwenyewe. Wewe una tabia ya kumalizia watu sentensi."

"Sina tabia hi..."

"Unayo. Nenda."

Baba na Mama walikuwa wamechukua gari na farasi pekee mwenye akili. Walibaki nyumbu wa kulimia, na nyumbu wetu hawatoki Jumapili hata kwa moto. Nikachukua skuta, ile ya kusukuma kwa mguu, ambayo wapwa zangu huendea shule.

Fikiria mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwili wa kutosha, gauni la bluu, aproni yenye mafuta ya kuku na alama ya seleri nyuma, kofia imekaa upande, anasukuma skuta ya watoto kupanda kilima. Gari la watalii lilipunguza mwendo kando yangu. Mama mmoja akanipungia mkono, akampiga mumewe bega ili naye aone. Siku nyingine ningegeuza uso. Siku hiyo sikuwa na pumzi ya kugeuza chochote.

Nilipofika juu ya kilima nikaona gari la farasi lisilo na paa linakuja kutoka kwa akina Esh. Farasi anakimbia vizuri. Ezra ameshika hatamu, kofia mpya, anatabasamu peke yake.

Askofu, siku ile moja katika maisha yake, alikuwa amefupisha.

Ezra akavuta hatamu. Tabasamu likaondoka.

"Savilla? Nyumba inaungua?"

"Wamesoma?"

"Wamesoma. Baba yako ameshawakaribisha watu wote. Bibi mmoja pale nyuma amelia." Akatazama skuta, akatazama aproni. "Mbona uko hapa? Watu wakikuona..."

Nilikuwa nimepanga kuanza kwa upole. Nilipanga njia nzima.

"Ezra, ndevu zako ulizinyoa lini?"

"Ndevu gani?"

"Zile ulizokuwa nazo."

Akatazama nyuma, barabara ya kwa akina Esh. Akatazama mbele. Farasi akapiga kwato mara moja, akatulia. Nilisubiri acheke. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka naye na kuomba radhi.

"Aprili," akasema.

Nikashuka kwenye skuta.

"Shemasi alipiga simu kwenu," nikasema. "Alisimama kwenye kibanda cha simu hadi miguu ikafa ganzi. Wakamwambia Ezra Hilty ni kijana safi, hajaoa, na yuko mbali kikazi."

"Hawakudanganya. Ezra ni kijana safi. Ni mdogo wangu. Yuko Montana anakata magogo." Akashusha macho. "Mimi ni Joas."

Kwa hiyo hapo nilipo, kwa mujibu wa kanisa, mbele ya Mungu na akina Esh, nilikuwa nimetangazwa rasmi kuolewa na mwanaume anayekata miti Montana, ambaye sijawahi kumwona na ambaye hana habari. Hata kwa Savilla maskini, hiyo ilikuwa hatua mpya.

"Na mkeo?" nikauliza. "Yuko wapi mkeo?"

Nikanyamaza. Nawaapia nilinyamaza. Nilihesabu moyoni, nikabana midomo, nikashika mpini wa skuta kwa mikono miwili.

Akavua kofia. Akaizungusha mkononi.

"Salome," akasema. Jina tu. Sauti ikakatika hapo.

Macho yake yakajaa machozi. Mwanaume mzima, mchana kweupe, katikati ya barabara. Mimi mtu akilia mbele yangu siwezi, ni ugonjwa.

"Amekufa?" nikauliza.

Akajifunika uso kwa kofia. Mabega yakatikisika.

"Maskini. Alikufa Aprili?"

"Tangu Aprili sijalala vizuri hata siku moja," akasema ndani ya kofia.

"Ni uzazi? Basi, basi, usiseme. Inatosha, usiseme." Nilikuwa nimeshatupa skuta mtaroni. Nilikuwa nimeshapanda garini, nimekaa kando yake, nimemshika mkono, nami nalia kumshinda yeye aliyefiwa. "Ndiyo maana ukakimbia kwenu. Kila mtu anakupa pole, kila kona unamwona yeye. Ukachukua jina la mdogo wako ili uanze upya. Si ndiyo?"

Akatikisa kichwa taratibu. Kwenda juu au kwenda pembeni, sikuangalia.

"Tutakwenda kwa askofu pamoja," nikasema. "Leo hii, baada ya kula. La jina watalisamehe. Utapiga magoti mbele ya kanisa, aibu ya Jumapili moja, imekwisha. Lakini kufiwa si dhambi."

"Wewe ni mtu mwema sana, Savilla," akasema. Akavaa kofia. Akamgusa farasi kwa hatamu, gari likaanza kuteremka kilima.

Naomba niseme ukweli wangu: mteremko ule ulikuwa safari tamu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Upepo wa Oktoba, tumbaku inanukia kwenye mabanda, na mkono wangu ndani ya mkono wa mwanaume. Nilishampangia hadi jinsi ndevu zake zitakavyoota. Nilishamsamehe Reuben na Arie. Nilifika mahali nikamsamehe hata yule wa Kentucky, farasi nikamwachia.

Kisha nikanusa kuku anaungua, nikajua tumekaribia nyumbani.

Na getini alisimama Babu.

Alikuwa nje ya geti. Barabarani. Bila skafu. Yule aliyeapa hatoonekana na mtu, alikuwa amesimama katikati ya barabara ya watu wanaotoka kanisani, kidevu chake cheupe kiko juani na nyuzi zake zote, anapunga mikono miwili na kupaza sauti. Sikumsikia vizuri kwa sababu ya magurudumu. Nikapunga pia, nikicheka, nikamwonyesha kwa kidole mkono wangu ulioshikwa, yaani mambo safi, Babu, ni mgane tu, kafiwa na mke.

Ni mgane tu.

Kidole changu kikabaki hewani.

Mjomba wangu Omar alifiwa na mke mara mbili. Mara zote mbili alioa tena, na mara zote mbili alikwenda kuposa na ndevu zake zinafika kwenye kifungo cha tatu cha koti. Hakuna aliyemwambia anyoe. Kwetu aliyefiwa huposa na ndevu zake, hadharani, na watu humsaidia kutafuta. Hata jina la kuazima halihitaji. Anayehitaji wembe ni mwanaume wa aina moja tu.

Nilimtazama aliyekuwa kando yangu. Machozi yalikuwa yamekauka. Pale tayani, katika mwanga ule, mstari wa Juni ulikuwa bado unaonekana kidogo kwa anayejua pa kutazama.

Babu aliruka pembeni. Gari likapita mbele ya miguu yake. Geti letu likapita. Matuta ya seleri ya Mama yakapita, yale ya kila mwaka na yale mawili ya nyongeza.

"Umepita kwetu," nikasema.

"Najua."

Nikajaribu kuuchukua mkono wangu. Ulikuwa umeshikwa vizuri.

"Joas. Aliyefiwa hanyoi ndevu."

"Hanyoi," akakubali.

"Ulisema Salome amekufa."

"Mimi sikusema," akajibu, macho barabarani, kwa sauti ile ile ya upole aliyonichumbia nayo zizini. "Ulisema wewe."